Tajiri Aliyefanywa Mjumbe: Habari za Edmund Roberts na Seyyid Said
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia barua kunitaka niseme mbele yenu, alinitajia jambo moja tu: nieleze habari za mtu aliyetoka katika biashara akaingia katika kazi ya ubalozi. Alijua kwamba wengi katika chama hiki ni watu wa duka, wa soko na wa gari la mizigo, na kwamba mara nyingi husikika wakisema ya kuwa mambo ya mikataba na mataifa ni ya wakubwa waliosoma sana. Nimemchagua mtu ambaye hakuwa mkubwa hata kidogo. Isitoshe, alipochaguliwa alikuwa amefilisika.

Jina lake ni Edmund Roberts. Alizaliwa mwaka wa 1784 katika mji wa bandari uitwao Portsmouth, katika jimbo la New Hampshire, kaskazini mwa Marekani. Baba yake alikuwa mtu wa bahari, naye alikufa mtoto akali mdogo. Mama naye akafa kijana hajafikia utu uzima. Akachukuliwa na ami yake, aliyekuwa akifanya biashara Buenos Aires, Amerika ya Kusini, na huko ndiko alikojifunza kupima, kuhesabu na kuandika daftari. Ami alipofariki alimwachia mali nyingi. Mwaka wa 1808 Roberts akaoa binti wa jaji mmoja wa Portsmouth, akawa bwana mwenye merikebu na mwenye heshima katika mji.

Lakini zile zilikuwa siku za vita vya Ulaya, na baharini hapakuwa na usalama. Merikebu zake zilikamatwa, moja baada ya moja, na Wafaransa na Wahispania, na mali ya ami ikayeyuka kama chumvi katika maji. Miaka ikapita, deni likazidi. Mkewe alimzalia watoto kumi na mmoja, na waliobaki hai walikuwa mabinti wanane. Wazee mlio hapa, mnaojua uzito wa kulea mabinti wanane hali huna kitu mfukoni, hamna haja nielezwe ni nini kilichomsukuma mtu huyo kutafuta bahati katika bahari ya mbali.

Mwaka wa 1827 alikodi merikebu iitwayo Mary Ann, akatia shehena, akashika njia ya Unguja. Alifika huko Oktoba mwaka ule ule.

Sasa yafaa nisimame kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo shina la mambo yote. Roberts alikuta biashara ya Unguja ina mlango mmoja, nao ni forodha. Mgeni hakuwa huru kumwuzia amtakaye wala kununua kwa amtakaye; ilimpasa apitie kwa watu wa serikali, nao ndio waliojua bei na wakati. Siku za kungoja zilikuwa gharama, kwani merikebu ya kukodi hula fedha ikiwa imetia nanga kama inavyokula ikiwa safarini. Tena Roberts aliona kwamba Waingereza hutendewa vyema kuliko Wamarekani, ijapokuwa Wamarekani ndio waliokuwa wakija kwa wingi. Mtu mwingine angalinung'unika kwa mabaharia wake, akauza kwa hasara, akaenda zake. Roberts alingoja. Na Januari 1828 Seyyid Said bin Sultan mwenyewe akafika Unguja, akitoka Mombasa alikokwenda na manowari zake kuwatiisha Mazrui.

Seyyid Said, kama mjuavyo, alikuwa mtawala wa Maskati na Omani, na mkono wake ulikuwa ukinyoshwa juu ya pwani yetu yote. Lakini mwenyewe alikuwa tajiri wa biashara kabla ya kuwa mtu wa vita, na pengine hiyo ndiyo sababu wawili hawa walielewana upesi. Roberts alimweleza malalamiko yake bila kuficha. Seyyid hakukasirika. Alimjibu kwa kumtaka afikishe neno kwa wakubwa wake kwamba yeye yu tayari kufanya mkataba wa biashara na Marekani. Wala tusidhani kwamba alisema hivyo kwa ukarimu mtupu. Alitaka pia apatiwe mizinga na makombora ya kuwafukuzia Wareno katika Msumbiji, na alitaka taifa jingine katika bahari hii, ili Waingereza wasiwe peke yao wenye kumshauri. Kila mmoja alikuwa na shida yake, na shida hizo mbili zikakutana.

Roberts aliporudi kwao hakuwa amepata faida ya kulipa madeni. Alichokuwa nacho ni habari, na aliiandika. Alimwandikia mtu aliyemjua wa jimbo lake, Levi Woodbury, aliyekuwa mjumbe katika Baraza la Senati, akamfahamisha hali ya biashara ya Bahari ya Hindi, ushuru unaotozwa, bidhaa zinazotakiwa, na hasara wanayopata Wamarekani kwa kutokuwa na mkataba. Barua zilikaa. Mwaka wa 1831 mambo mawili yakatokea: Woodbury akafanywa Waziri wa Manowari, na habari zikafika kwamba merikebu ya Salem iitwayo Friendship imeshambuliwa na kuporwa katika pwani ya Sumatra. Serikali ya Rais Andrew Jackson ikaamua kutuma manowari upande huo wa dunia, na Woodbury akakumbuka barua za yule tajiri aliyefilisika.

Basi mwaka wa 1832 Edmund Roberts aliteuliwa kuwa mjumbe wa siri. Hakupewa kofia ya ubalozi wala vazi la dhahabu. Katika daftari la manowari Peacock aliandikwa kuwa karani wa nahodha, ili mataifa mengine, na hasa Waingereza, wasijue anakwenda kufanya nini. Mtu aliyepata kuwa na merikebu zake mwenyewe akapanda manowari kwa cheo cha karani, na hakuona haya. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko mengi aliyoyafanya baadaye.

Safari hiyo ilimpeleka kwanza Mashariki ya mbali. Januari 1833 walitia nanga katika pwani ya Vietnam, wakati huo ikiitwa na wageni Kochinchina, na hapo kazi ikavunjika. Maofisa wa huko walitaka wasome kwanza barua ya Rais, wabadilishe maneno yake, na ndani yake liwekwe neno la unyenyekevu kwa mfalme wao. Roberts akakataa. Wakamwuliza cheo chake na majina yake yote ya heshima, kwani bila hayo hawawezi kumpeleka mbele. Sasa, Mmarekani hana majina ya heshima. Katiba yao hairuhusu. Roberts akamwambia karani wao aandike: yeye ni mjumbe maalum wa Marekani, raia wa Portsmouth katika New Hampshire, kisha akaanza kutaja wilaya zote za jimbo lake, halafu miji, na alikuwa amejiwekea milima na mito na maziwa, hata karani akachoka, karatasi ikajaa, na mkubwa wake akalalamika kichwa kinamwuma. Inachekesha, wala sikatai, lakini sioni kwamba ilimfaa. Mwezi uliofuata waliondoka mikono mitupu, na nadhani mwenye hekima zaidi angalitafuta njia ya kuwaheshimu wenyeji katika desturi yao bila kujishusha.

Siam, nchi iitwayo sasa Thailand, ilikuwa mambo mengine. Huko mfalme Rama wa Tatu alimpokea, na tarehe 20 Machi 1833 mkataba wa urafiki na biashara ukatiwa mihuri mjini Bangkok. Ndio mkataba wa kwanza wa Marekani na taifa la Asia.

Kutoka huko Peacock ikaja Maskati, ikafika Septemba, na kazi ambayo kwingineko ilichukua wiki nyingi, hapa ilichukua siku tatu. Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ulikuwa umekwisha. Yanipasa niwaeleze yaliyomo, maana mara nyingi hutajwa tu kwamba palikuwa na mkataba, na watu hawajui ulisema nini.

Wamarekani walipewa ruhusa kuingia bandari zote za Seyyid na mizigo ya namna yoyote, na kuuza kwa mtu yeyote amtakaye kununua, bila mkubwa kuingilia kati wala kukata bei. Isipokuwa baruti na bunduki: katika kisiwa cha Unguja hizo ziuzwe kwa serikali peke yake. Ushuru uwe asilimia tano tu ya mizigo iliyoshushwa, na hiyo tano iwe badala ya malipo mengine yote, ya kutia nanga, ya rubani, ya ruhusa, yote. Mzigo usioshushwa usitozwe kitu. Merikebu ikiingia kutengenezwa au kununua chakula au kuulizia bei ya soko, isitozwe kitu. Raia wa Seyyid wakifika bandari za Marekani wasitozwe zaidi ya taifa lipendelewalo kuliko yote. Marekani iweke balozi mdogo katika bandari kubwa, na yeye awe ndiye mwamuzi peke yake katika magomvi baina ya Wamarekani wenyewe.

Mtaona kwamba maneno haya hayakuandikwa na mwanasheria aliyekaa ofisini. Yaliandikwa na mtu aliyewahi kukaa forodhani akihesabu siku. Kila kifungu kina kidonda chake nyuma. Nani mwingine angalikumbuka kuandika kwamba merikebu ikiingia kuuliza bei tu isilipishwe? Wafanya biashara wa chama hiki, mnaolalamika juu ya ada za soko na vibali, hebu fikirini kama mngeitwa kesho muandike vifungu vyenu wenyewe, mko tayari na hesabu? Mali bila daftari huisha bila habari, na malalamiko ni vivyo hivyo.

Kifungu cha tano ndicho nikipendacho. Roberts aliandika kwamba merikebu ya Kimarekani ikivunjika katika pwani ya Seyyid, mabaharia watunzwe, na gharama yao irudishwe na Marekani. Seyyid Said alikataa. Alisema kuwalisha watu waliookoka baharini kisha kudai malipo ni kinyume cha desturi ya Waarabu ya kukaribisha wageni. Gharama zote atazichukua yeye. Kifungu kikabadilishwa hivyo, na ndivyo kilivyo hata leo katika hati.

Senati ya Marekani ilikubali mkataba Juni 1834, na mwaka uliofuata Roberts alitumwa tena na Peacock kupeleka hati zilizothibitishwa. Walipita Unguja mwanzoni mwa Septemba 1835, kisha wakaelekea Maskati. Na usiku wa kuamkia tarehe 21 Septemba, miaka miwili kamili tangu mkataba kutiwa sahihi, manowari ilipanda mwamba wa matumbawe karibu na kisiwa cha Masira, katika pwani ya Omani. Ikakwama. Majahazi ya watu wenye silaha yakaanza kuizunguka, wakingoja ivunjike wapate kuteka. Roberts, mtu wa miaka hamsini na mmoja, akachukua hati zake, akaingia katika mashua ndogo pamoja na ofisa kijana aitwaye Taylor na mabaharia wachache, wakaondoka kwenda kutafuta msaada. Jahazi la maharamia liliwafuata kwa saa nyingi mpaka giza likawaficha. Walikaa katika mashua ile isiyo na kivuli saa 101, ndipo wakafika Maskati.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kujaribu kifungu cha tano alikuwa yule yule aliyekiandika. Seyyid Said hakuuliza swali. Siku ile ile aliamuru merikebu yake Sultana itoke na chakula na maji, akatuma askari wapite barani waende ufuoni kulinda watu na mali, na akasema kwamba ikiwa Peacock imevunjika, atatoa merikebu yake mwenyewe kuwarudisha Wamarekani kwao. Kumbe nahodha alikuwa amekwisha kuikwamua manowari kwa kutupa baharini mizinga kumi na mmoja na vitu vingi vizito. Ikaja Maskati ikiwa imejeruhiwa. Hati zikabadilishwana. Baadaye Seyyid aliwaagiza watu wake wakaizamia ile mizinga, wakaitoa, akawapelekea Wamarekani bila kuwalipisha chochote. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wazee wetu. Hapa mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Roberts aliendelea mpaka Bangkok, akabadilishana hati na Wasiamu Aprili 1836, akajaribu tena Vietnam, lakini ugonjwa wa tumbo ulikuwa umeingia manowarini na yeye alikuwa hajiwezi. Walimpeleka Makao, katika pwani ya Uchina, na huko akafa tarehe 12 Juni 1836. Alikuwa bado ana kazi ya kwenda Japani. Kaburi lake liko Makao mpaka sasa. Kitabu cha safari yake ya kwanza kilichapwa New York mwaka wa 1837, mwenyewe hakukiona. Utajiri alioutafuta kwa mabinti wake hakuupata.

Nikiishia hapo, mtarudi nyumbani na hadithi nzuri ya watu wawili wema. Haingekuwa haki. Chama hiki hakikuanzishwa kusikiliza hadithi za wakubwa wakisifiana, na wazee watauliza: watu wa pwani na wa bara walipata nini?

Mwaka wa 1837 alifika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, naye pia alikuwa mfanya biashara, na aliendelea na biashara yake akiwa katika kiti cha ubalozi. Mwanzoni aligombana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha, kwa sababu Jairam ndiye aliyewashika wachukuzi na mashua, na mkataba umeandika uhuru. Baadaye wakapatana, wakawa washirika, na wafanya biashara wengine, Wamarekani wasio wa kundi la Waters, wakaona mlango umefungwa tena, safari hii na mtu wao. Hati ilikuwa ile ile. Walioishika ndio waliobadilika.

Kilichoingia kwa mkataba ule mnakijua kwa jina. Ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, pwani iliitwa merikani, na ikapanda bara mpaka Ukambani na Unyamwezi, ikawa kama fedha: ilinunua chakula cha msafara, ililipa hongo kwa machifu, ililipa wapagazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokatiza pamba ya Marekani kati ya 1861 na 1865, nguo za Uingereza na Bombay zilichukua nafasi, lakini jina lilibaki. Kilichotoka kilikuwa pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Na pembe zilibebwa mabegani, nyingi kwa watu huru wa Unyamwezi wenye kulipwa, na nyingine kwa watumwa. Karafuu zilichumwa kwa mikono ya watumwa Unguja na Pemba. Mkataba wa 1833 hausemi neno hata moja juu yao. Roberts alipima gharama ya kutia nanga, hakupima hiyo. Baruti na bunduki nazo hazikukaa Unguja. Mjuao historia ya bara katika karne ile mwajua zilikokwenda.

Tena ile asilimia tano. Waingereza waliomba mkataba wao mwaka wa 1839, Wafaransa mwaka wa 1844, na kila mmoja alifuata kielelezo cha Mmarekani. Katika mkataba wa Waingereza Seyyid alikuwa amekwisha kujifunza, akatenga pwani ya Mrima, pembe na sandarusi zake zisinunuliwe na wageni. Lakini ushuru ulikuwa umefungwa. Mtawala aliyetaka kuongeza kidogo kwa ajili ya nchi yake ilimpasa kwanza aombe ruhusa ya mataifa matatu. Mimi naona kwamba katika jambo hilo tajiri wa Portsmouth alimshinda tajiri wa Maskati, na ya kwamba ukarimu wa kifungu cha tano ulionekana mkubwa machoni kuliko uzito wa kifungu cha tatu. Wazee wengine waweza kuona vingine: kwamba Seyyid alinunua marafiki kwa bei nafuu wakati alipowahitaji. Katika miaka ya karibu 1832 hadi 1834, katika merikebu za kigeni 41 zilizohesabiwa Unguja, 32 zilikuwa za Wamarekani, na bandari yenye merikebu ni bandari yenye nguvu.

Wala Seyyid hakukaa akingoja wageni tu. Februari 1840 ile ile Sultana iliondoka Unguja, ikafika New York tarehe 30 Aprili, merikebu ya kwanza ya Kiarabu kuonekana katika bandari ile. Mkuu wa biashara na mjumbe wake alikuwa Ahmad bin Naaman, karani wa Seyyid. Alileta kahawa ya Mokha, tende, mazulia, pembe, karafuu na ngozi, na zawadi kwa Rais Van Buren, ndani yake farasi wawili. Sheria yao haikumruhusu Rais kuzichukua, kwa hiyo ziliingia katika mali ya taifa, na farasi wakauzwa kwa mnada. Merikebu ilitengenezwa katika gati ya manowari kwa gharama ya serikali ya Marekani. Deni la Masira hawakulisahau. Ahmad aliuza, akanunua, akajaza merikebu nguo na shanga na vitu vilivyoagizwa, akarudi. Picha yake iliyochorwa huko ipo Salem mpaka leo. Basi kama mkitaka mtu wa pwani yetu aliyetoka daftarini akaingia katika ubalozi, ni huyo.

Hukumu ya balozi juu ya Wamarekani wenzake ilidumu Unguja hata mwaka wa 1905. Ilipoondolewa, mkataba wa kuiondoa ulitiwa sahihi na Uingereza na Marekani. Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1890, na haikuketi mezani. Upande wa Omani, mkataba wa Roberts ulishika mpaka ulipofanywa mwingine mwaka wa 1958.

Bwana Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuja nayo. Ramani ya safari za Peacock nimeiacha mezani kwa Katibu, pamoja na vifungu vya mkataba nilivyovipiga taipu kwa Kiswahili, ili kila mwanachama apendaye avisome mwenyewe kabla ya kuanza maswali.